Mlinzi Aliyeambiwa Alale

Msomaji wangu, katika nyumba nyingi za Kisumu utaona lango la chuma, na penye lango pana mtu ameketi juu ya kigoda, koti zito mwilini hata usiku wa joto, rungu magotini. Huyo ni askari. Mwenye nyumba humlipa kila mwezi, humnung'unikia kila juma, na humsahau kila siku. Akichelewa kufungua lango mvua ikinyesha, hulaumiwa. Akimwuliza mgeni wa heshima jina lake na haja yake, husemwa kuwa hana adabu. Lakini sijapata kusikia mwenye nyumba aliyemwambia askari wake, "Nenda ukalale, maana yuko mtu nisiyemjua anataka kuingiza sanduku nisilojua lina nini, naye amesema hapendi kuonwa nawe." Neno kama hilo likisemwa, mtaa mzima ungecheka. Hata hivyo ndilo linalotendwa kila siku na watu wenye akili timamu, mchana kweupe, mbele ya kompyuta zao. Juu ya jambo hilo nataka kuzungumza nawe.

Kila kompyuta ya Windows inayouzwa leo huja na mlinzi wake ndani. Zamani haikuwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2004 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilinunua kampuni ndogo iliyoitwa GIANT, ambayo ilikuwa imetengeneza programu ya kuwasaka wapelelezi wanaojificha katika mashine za watu. Mwaka 2006 programu hiyo ikatolewa kwa jina la Windows Defender. Wakati ule uwezo wake ulikuwa nusu. Aliwajua wapelelezi tu, na mtu aliyetaka kinga ya virusi vya kila namna ilimpasa kuitafuta kwingine, kama mtu anunuavyo kufuli baada ya kwisha kununua mlango. Mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, mlinzi huyu alipewa kazi kamili, na tangu hapo amekaa ndani ya kila Windows bila malipo ya ziada.

Namna yake ya kulinda yafaa kujulikana. Faili inapotaka kufunguliwa, yeye huitazama kwanza. Huilinganisha na alama za maovu yaliyokwisha julikana, kama polisi alinganishavyo nyayo. Na kwa kuwa mwizi mpya hana nyayo daftarini, hutazama pia mwenendo. Programu inayoanza kubadilisha mamia ya picha na barua, moja baada ya moja, kwa dakika chache, haina mwenendo wa programu ya kuchorea wala ya kuandikia. Akiingiwa na shaka, huuliza kwa njia ya intaneti mashine kubwa za wenyewe waliomtengeneza. Akiona uovu, huutia karantini, yaani huufungia mahali usipoweza kutenda neno, kisha humwarifu mwenye nyumba. Haya yote huyafanya kimya, na ukimya huo ndio unaomponza. Mlinzi ambaye hajapata kupiga kelele hudhaniwa kuwa hana kazi.

Kumzima ni shughuli ya nusu dakika. Katika mipangilio ya usalama pana kitufe kimoja kidogo cha ulinzi wa wakati wote. Ukikisukuma, mashine huuliza kama kweli umekusudia. Ukikubali, hukuonya kwamba sasa u wazi, na mlinzi hufumba macho. Walioitengeneza walijua tabia ya wanadamu, kwa hiyo walimfanya mlinzi huyo aamke mwenyewe baada ya muda mfupi, hata kama aliyemlaza amesahau. Napenda busara hiyo. Ni busara ya mzazi anayerudi usiku kutazama kama mtoto hajajifunua shuka.

Wanaomzima wana sababu zao, na si haki kuzidharau zote. Mashine nyingi za majumbani kwetu zimekwisha fanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya kabla ya kuletwa hapa kuuzwa kwa bei ya mitumba. Diski zake ni za kuzunguka, kumbukumbu yake ni haba, na mlinzi anapoanza kukagua kila chumba, mashine huhema kama mzee apandaye kilima cha Kiboswa na gunia la mahindi kichwani. Mwanafunzi ana insha ya kumaliza kabla ya umeme kukatika. Yu radhi kufanya lolote ili mashine iende mbio. Wengine humzima kwa ajili ya mchezo wa mpira unaokwamakwama. Hawa wote husukumwa na haraka, na haraka ni jambo ambalo kila mtu analielewa.

Lakini iko sababu ya tatu, na hiyo ndiyo kubwa. Iko biashara ya programu zilizovunjwa kufuli. Programu ambayo mwenyewe huiuza kwa makumi ya maelfu ya shilingi, mtu mwingine huivunja kufuli na kuigawa bure, na pamoja nayo huweka karatasi ndogo ya maagizo. Nimeyasoma maagizo ya namna hiyo mara nyingi, maana vijana huniletea wakitaka niwafasirie Kiingereza chake. Karibu yote huanza kwa amri moja: zima kinga yako kwanza. Mara nyingine kifurushi chenyewe kimefungwa kwa neno la siri, na neno lenyewe limeandikwa pembeni ili ulione wewe. Mlinzi hawezi kuchungulia ndani mpaka uwe umekifungua kwa mkono wako. Kisha hufuata maneno ya kutuliza moyo: usiogope, kinga yako itapiga kelele, lakini imekosea tu.

Angalia sana hapa, kwa kuwa ujanja wenyewe umejificha ndani ya ukweli. Ni kweli kwamba mlinzi hupiga kelele aonapo chombo cha kuvunjia kufuli hata kama hakina sumu nyingine. Kwa hiyo kelele peke yake haithibitishi kwamba umeletewa virusi. Mwenye kutia sumu analijua hilo, naye hulitumia. Amepata mteja ambaye amekwisha fundishwa na wengine kutosikiliza onyo. Panya akiwekewa chambo hushuku. Huyu amewekewa chambo, akaambiwa kwamba mtego utalia, na kwamba kulia kwake ni dalili ya usalama.

Nitakusimulia habari ya nyumba moja. Jirani yangu ni mjane anayenunua ngege na mbuta alfajiri ufukoni Dunga na kuwauza mjini. Marehemu mumewe alikuwa amewanunulia watoto kompyuta iliyotumika, naye mama, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa kitu kipya, akajifunza kuitumia. Alikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake 18 wauzao samaki, na kwa muda wa miaka minne aliandika humo michango, mikopo na faini za kuchelewa mikutanoni. Humo pia zilikuwamo picha za mumewe: siku ya harusi, siku ya kuhamia nyumba mpya, na nyingine nyingi zisizo na sababu, ambazo ndizo zinazopendwa zaidi mtu akisha fariki.

Mwezi Machi 2020 shule zilifungwa nchini kote kwa ajili ya maradhi ya korona. Mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, alibaki nyumbani miezi mingi. Hakuwa mtundu. Alikuwa akipenda kuchora ramani za nyumba, akatamani programu ya kuchorea wanayotumia wahandisi. Bei yake ilikuwa zaidi ya mtaji wote wa mama yake. Akaipata bure katika intaneti, akaagizwa azime kinga, akaizima, akaonywa na mashine, akakubali. Programu ya kuchorea haikufunguka. Dirisha dogo jeusi lilitokea likatoweka. Kijana alifikiri kwamba imeshindikana, akafunga mashine, akaenda kuteka maji.

Jioni mama alipoiwasha aingize hesabu za siku, kila faili ilikuwa imeongezwa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina lake, wala haikufunguka hata moja. Katika kila folda palikuwa na barua fupi ya Kiingereza. Ilisema kwamba faili zote zimefungwa kwa ufunguo wa siri. Kwamba ufunguo huo unauzwa dola 980. Kwamba atakayeandika kabla ya saa 72 kupita atapunguziwa nusu, alipe dola 490. Na kwamba, ili kuonyesha uaminifu, watafungua faili moja bure. Dola 980 wakati ule zilikuwa zaidi ya shilingi 100,000. Nilistaajabia adabu ya barua ile. Ilikuwa na bei, punguzo na sampuli, kama tangazo la duka la nguo.

Mama alikuja kwangu usiku, leso mabegani. Akaniambia, "Mwalimu, mashine imekula chama."

Sikuelewa. Nikamwuliza, "Imekulaje, mama?"

"Imekula vitabu vyote. Kesho kutwa tunagawana."

Wataalamu huliita kundi la virusi vile STOP, na wengine Djvu. Lilienea ulimwenguni tangu mwaka 2018, na njia yake kubwa ilikuwa hii hii ya programu zilizovunjwa kufuli. Mwezi Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa bure chombo cha kufungua faili zilizofungwa na aina nyingi za zamani za virusi hivyo. Kijana alikipakua kwa tumaini kubwa, akakiendesha usiku kucha. Lakini aina mpya zilichukua ufunguo tofauti kwa kila mashine kutoka kwa wezi wenyewe, na nyumba ile ilikuwa imepatwa na aina mpya. Asubuhi hapakuwa na faili hata moja iliyofunguka. Hawakulipa. Fedha hazikuwapo, na hata kama zingalikuwapo, nani angemdai mwizi risiti?

Siku ya mgawo ilifika. Msomaji wangu, nakuomba ujitie katika nafasi ya wale wanawake wengine 17. Mwenzao anawaambia kwamba hesabu za miaka minne zimeliwa na kitu kisichoonekana, siku mbili kabla ya kugawana fedha. Wewe ungesemaje? Baadhi yao walinyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kuzito kuliko matusi. Mmoja alicheka. Mama yule alikuwa amejengea jina lake miaka mingi katika biashara ambayo mali yake huoza kwa siku moja, nalo jina likaanza kuoza mbele ya macho yake.

Walichookoa kiliokolewa kwa njia ya M-Pesa. Michango iliyotumwa kwa simu ilikuwa na kumbukumbu zake, na kila mwanachama alitafuta zake, zikanakiliwa upya katika daftari la kurasa 96 kwa mwandiko wa yule kijana, ambaye kwa majuma mawili hakwenda popote. Michango ya fedha taslimu haikuwa na shahidi. Hapo kila mtu alitaja alichokumbuka, na watu hukumbuka zaidi walichotoa kuliko walichokopa. Tofauti iliyobaki mama aliilipa kutoka mfukoni mwake kwa muda wa mwaka na zaidi. Alibaki katika chama, lakini uweka hazina alipewa mwingine. Picha za mumewe zilipatikana 9, zile ambazo ziliwahi kutumiwa jamaa kwa simu.

Yule kijana usimcheke. Nimeishi kando ya ziwa hili muda wa kutosha kujua kwamba watu wazima wenye hekima hufanya jambo la aina ile ile. Nenda ufuko wowote wa wavuvi, utazame omena walivyoanikwa juani. Mwaka 2008 watafiti walichapisha katika jarida la Malaria Journal habari za vijiji vya wavuvi vya pwani ya Kenya ya ziwa Victoria. Walikuta vyandarua vya mbu vikitumika kuanikia samaki, na vingine kuvulia. Watu walipoulizwa, walijibu bila kuficha: chandarua ni cha bei rahisi au cha bure, na samaki hukauka upesi juu yake. Majibu hayo yalikuwa ya kweli. Omena waliokauka vizuri ni ada ya shule. Waonekana kwa macho, wahesabika kwa kopo. Malaria ambayo haikumpata mtoto kwa sababu alilala ndani ya chandarua haionekani wala haihesabiki. Mtu hubadilisha faida asiyoiona kwa faida anayoiona, na mbu huja usiku, saa ambazo omena wamekwisha kauka na fedha zimekwisha tumika.

Kompyuta ni vivyo hivyo. Wepesi wa mashine, au programu ya bure, huonekana papo hapo. Siku 1,000 ambazo hazikuingia virusi hazina sherehe.

Lakini chandarua kikiondolewa kitandani, mbu hakuwa amekiondoa. Katika kompyuta iko hila mbaya zaidi, nayo ni adui anayeanza kwa kumfunga mlinzi. Mwezi Novemba 2008 alitokea mnyoo wa kompyuta aliyeitwa Conficker. Aliingia katika mamilioni ya mashine duniani kwa njia ya mitandao na kwa njia ya flashi, vile vijiti ambavyo wakati ule vilipita kutoka mkono hadi mkono katika kila duka la intaneti. Alipokwisha ingia, miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuzima huduma ya masahihisho ya Windows, kuzima kituo cha usalama, kumzima Windows Defender, na kuzuia njia za kwenda katika kurasa za watengeneza kinga, ili mgonjwa asifike kwa mganga. Wahandisi wa uovu walitumia akili nyingi kutimiza jambo ambalo kijana wa jirani yangu alilitimiza kwa kidole kimoja kwa sababu alikuwa ameombwa.

Lugha yetu imelijua jambo hili kwa njia ya huzuni. Neno UKIMWI ni kifupi cha Upungufu wa Kinga Mwilini. Virusi vyake havimwui mtu kwa nguvu zao pekee. Hushambulia askari wa damu, na askari wakisha pungua, maradhi ambayo mwili uliyazoea kuyafukuza hupata nafasi ya kukaa. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zimezika watu wengi mno kabla ya dawa kupatikana kwa wote, wala sitaki kulinganisha kifo cha mtu na kifo cha faili. Nataka tu uone kwa nini neno kinga halikuchaguliwa ovyo.

Sasa utaniuliza kama mlinzi hakosei kamwe. Hukosea, na makosa ya walinzi yamepata kuwa makubwa. Tarehe 21 Aprili 2010 kinga ya kampuni ya McAfee ilipokea orodha mpya ya alama za virusi, na katika orodha hiyo faili moja halali ya Windows XP ilidhaniwa kuwa virusi. Kinga ikaikamata, na kompyuta nyingi mno zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo, kama nyumba ambayo askari amemkamata mwenyewe akamfungia nje. Tarehe 19 Julai 2024 sahihisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni ulinzi, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha kazi. Hapakuwa na mwizi hata mmoja siku ile. Aliyeangusha nyumba ni mlinzi.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba kitufe kile ni haramu. Fundi anayetafuta chanzo cha kasoro huweza kukizima kwa dakika chache akiwa amekata intaneti, kisha akakiwasha tena akiwa bado ameketi hapo. Mwanafunzi anayeandika programu zake mwenyewe huweza kumwambia mlinzi asiikague folda moja anayofanyia kazi, na milango mingine yote ibaki chini ya ulinzi. Hiyo ni nafuu, ingawa yapasa ajue kwamba kitakachoingia katika folda ile hakitatazamwa na mtu. Na mtu akiweka kinga nyingine inayotambuliwa na Windows, yule wa kwanza hujitenga mwenyewe bila kuzimwa, maana walinzi wawili kwenye lango moja hukamatana. Katika hali zote hizi mwenye nyumba anajua anachokifanya na kwa nini. Tofauti yangu na wengine iko katika swali moja: ni nani aliyetoa shauri la kuzima? Kama ni wewe kwa sababu unazozijua, ni shauri lako. Kama ni yule yule anayeleta sanduku, basi sanduku limekwisha jieleza.

Microsoft nao waliona jinsi watu na virusi wanavyomshambulia mlinzi, na mwaka 2019 wakamwongezea kufuli la kuzuia kuchezewa, hivyo kwamba programu nyingine haiwezi kumzima kwa siri nyuma ya mgongo wa mwenye mashine. Mkono wa mwenye mashine mwenyewe ukabaki huru. Haikuwa rahisi kuwa vinginevyo; nyumba ambayo mwenyewe hawezi kuifungua ni gereza.

Nyumbani kwa jirani yangu mambo mawili yalibadilishwa, na nayataja kwa sababu hayagharimu kitu kikubwa. Kijana hutumia sasa jina lake mwenyewe katika mashine, lisilo na mamlaka ya kuzima kinga. Mamlaka hayo yako kwa mama, chini ya neno la siri. Tena kila Jumapili hesabu hunakiliwa katika flashi, ambayo baadaye huchomolewa na kuwekwa kabatini. Neno kuchomolewa ni la maana sana, kwa kuwa nakala iliyobaki imechomekwa hufungwa pamoja na mama yake. Programu ya kuchorea alipata nyingine ya bure ya halali, yaani FreeCAD, na kwa maandishi na majedwali hutumia LibreOffice, ambayo haidai senti wala haidai kinga izimwe. Aliniambia kwamba FreeCAD ni ngumu na ina tabia za ukaidi. Nadhani asema kweli. Ameizoea.

Limebaki jambo moja ambalo linahusu nyumba nyingi za hapa. Kinga hukaa ndani ya mfumo, na mfumo wenyewe huzeeka. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry viliposhambulia mashine zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kuzifunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza, sahihisho la kuziba ufa vilimopitia lilikuwa limetolewa na Microsoft tangu mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuliweka, au waliokuwa na mifumo ya zamani isiyopewa tena masahihisho ya kawaida. Windows 10, ambayo imejaa katika mashine za mitumba, ilifikia mwisho wa masahihisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ya mashine hizo haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu prosesa zake ni za zamani. Microsoft wameahidi kuendelea kumpa mlinzi wa Windows 10 alama mpya za virusi hadi Oktoba 2028. Maana yake ni kwamba kwa miaka hiyo askari atabaki langoni akiwajua wezi wapya kwa sura, hali ukuta nyuma yake hautengenezwi tena isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kupata masahihisho ya ziada. Kama mashine ya nyumbani kwenu ni ya namna hiyo, fungua mipangilio leo utazame mambo mawili: kama kitufe kile kimewashwa, na kama alama za virusi ni za juma hili. Tarehe yake imeandikwa papo hapo.